Sahani Iliyoshuka kwa Kamba

Kwa miaka zaidi ya ishirini nilikula nikiwa nimesimama. Si kwamba sikuwa na pa kukaa. Mwanza nilikuwa na kiti na meza, Mombasa nilikuwa na kitanda cha kukalia, na Maskati, nilipofanya kazi kwenye ghala la mashuka ya hoteli, tulikuwa na ukumbi mzima wa kulia wenye viti vya plastiki vya rangi moja. Lakini mtu anayekula peke yake hajui siku hasa aliyoacha kukaa. Unafunua sufuria uonje chumvi, unaonja tena, na unapokumbuka kutafuta sahani, chini ya sufuria kumeshaonekana. Siku nyingine sikupika kabisa. Nilinunua chipsi na mayai, nikala njiani, nikafuta mikono kwenye suruali. Hakuna aliyeniuliza nimekula nini, na mimi niliuita huo uhuru.

Kisha mdogo wangu akanipigia simu. Yeye ni mwanamke mwenye watoto wanne, anaishi Jang'ombe na anauza vitambaa Mlandege, na hana desturi ya kupiga simu bila jambo.

"Kaka, njoo. Mama hali."

"Anaumwa?"

"Sukari unaijua. Juzi kaanguka ngazini, bahati yake alikuwa vidato vya chini. Lakini si sukari tu. Hali chakula. Nikimuuliza ananambia, nshakula. Keshakula nini, na mifupa ile?"

"Si umchukue kwako?"

"Nimchukue vipi? Kanambia atakwenda Jang'ombe siku akibebwa." Nikasikia watoto wake wanagombana nyuma. "Sikiliza. Wewe huna mke, huna mtoto, huna hata paka. Njoo ukae naye. Ana kliniki tatu mbele yake. Kama mpaka hiyo ya tatu uzito haujapanda, nnamhamisha kwa nguvu na nyumba tunaifunga. Na nikiifunga, kaka, usije ukanililia."

Nilikwenda. Nilipanda boti na mkoba mmoja, ule ule niliokuwa nao tangu nilipofanya kazi Tanga, na nilipofika niliusukuma chini ya kitanda bila kuutoa vitu. Nilijiambia nitautoa kesho.

Nyumba yetu iko Mji Mkongwe, ndani ya uchochoro ambao watu wawili wakikutana mmoja lazima ageuke ubavu. Mama anakaa vyumba viwili vya juu, vyenye dirisha kubwa linalotazama mlango wa nyumba ya mbele. Nilipokuwa mdogo uchochoro ule ulikuwa na nyumba tisa na kila moja ilikuwa na moshi wake mchana. Ungeweza kupita umefumba macho ukajua hapa leo ni kisamvu, hapa papa mkavu, hapa wameunguza wali na mama mwenye nyumba hana raha. Sasa nilipita nikanusa sabuni. Nyumba sita zimekuwa za wageni. Milango yao imepigwa msasa na kupakwa mafuta, na masanduku ya magurudumu yanaburutwa juu ya mawe asubuhi na jioni. Wageni hawapiki.

Hata ile ya mbele, ambayo dirisha letu linaitazama, ilikuwa imeuzwa. Pale alikaa mwanamke aliyekuwa mwenziwe mama tangu wote wawili wakiwa mabiharusi. Wanawe walikuja kumchukua, wakampeleka Oman kwao. Badala yake, kwenye baraza ya mlango ule, alikaa mlinzi wa nyumba ya wageni, mzee mmoja kutoka Tumbatu, mrefu, mwenye koti la kazi lililompwaya mabegani. Nilimsalimia shikamoo, akaitika marahaba, na kwa wiki nyingi hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu.

Mama alikuwa amepungua. Nilikuwa nimemwacha mwanamke mnene wa kuziba mlango, nikakuta kanga imezungushwa mara mbili na bado inadondoka. Alinipokea vizuri. Alinishika uso, akanambia nimekuwa mweusi, akaniuliza kama kule nilikotoka kuna nazi. Kisha akaniwekea chai ya rangi na kipande cha mkate wa boflo, na mwenyewe akachukua kipande kidogo zaidi, akakichovya, akakitafuna kwa kazi ndefu. Hicho ndicho kilikuwa chakula cha mchana.

Siku ya tatu nilimpeleka kliniki. Nesi, msichana mpole mwenye sauti ya chini, alimpima, akaandika, akanichorea duara nyuma ya karatasi. Akaligawa. Nusu ya duara ni mboga, akanambia, robo ni kitoweo, robo ni muhogo au wali au kiazi, kipande kisichozidi ngumi ya mwenyewe mgonjwa. Matunda ya msimu, tunda zima na si juisi. Nazi kidogo, chumvi kidogo, sukari ya kijiko basi. "Apikiwe nyumbani," alisema. "Vitu vya sokoni vya kawaida tu. Havihitaji kuwa vya ajabu." Nililikunja lile duara nikalitia mfuko wa shati kama mtu aliyepewa dawa ya hakika.

Nikaanza kwenda Darajani kila asubuhi. Sikujua kwamba nilikuwa nimelikosa soko kiasi kile. Masika yalikuwa yameisha na kipupwe kimeanza, na meza zilikuwa zimejaa vitu vya wakati huo: kunde mbichi zilizo bado ndani ya maganda, mchicha wa mashina mekundu, mtoriro, yale majani ya viazi yaliyofungwa kwa kamba za mgomba, maboga ya kijani, machungwa yaliyorundikwa chini. Viazi vikuu vilikuwa vinaanza kuingia, bado na udongo mwekundu wa shamba. Samaki walikuwa wachache kwa sababu ya upepo wa kusi, lakini tasi wa Chwaka walifika, wale wadogo wanaonaswa kwa mitego ya madema, na nilijifunza tena kuwafungua mashavu kutazama wekundu wake kabla ya kuuliza lolote.

Wauza mboga walinikebehi. "Bwana huyu kila siku anaulizia mchunga," mmoja alimwambia mwenziwe. "Kaoa sungura." Nikacheka nao. Mchunga ni majani machungu, wazee wanayasifu kwa sukari, na mimi niliyachemsha, nikayamwaga maji ya kwanza, nikayakaanga na kitunguu. Nilikuna nazi kwenye mbuzi ile ile niliyokalia nikiwa na miaka kumi, nikachukua tui la pili tu, jepesi, na la kwanza nikalimwaga kwa uchungu. Nilipika kunde kwa bilingani. Nilichemsha muhogo, nikamkadiria mama kipande kwa kutazama ngumi yake alipokuwa amelala.

Saa sita na nusu chakula kilikuwa tayari. Nilikipanga kwenye sahani nyeupe kama duara la nesi, mboga nusu, kitoweo robo, muhogo robo, nikakifunika kwa kawa ya ukindu, nikakiweka juu ya meza ndogo karibu na dirisha. Mimi nilikuwa nimeshaonja vya kutosha jikoni, nimesimama. Nilivaa kofia, nikatoka kwenda kuswali adhuhuri, na baada ya hapo sikurudi moja kwa moja. Sikuweza. Ule wakati wa mchana ndani ya nyumba ile, jua limesimama uchochoroni na hakuna sauti ya sufuria popote, ulinitoa nje. Nilitembea mpaka Forodhani, nikatazama meli ikiingia, nikarudi kwa njia ndefu. Nilipofika saa nane sahani ilikuwa imeoshwa na kupinduliwa.

"Umekula mama?"

"Nshakula, baba. Mungu akuweke."

"Kilikuwaje?"

"Chumvi unaionea haya. Lakini kizuri."

Nilikuwa na furaha ambayo sijui niilinganishe na nini. Nilimtumia mdogo wangu picha za sahani kila siku. Naye akajibu siku moja: Hongera mpishi mkuu, uje unipikie na mimi. Ndimu nazo hazikuisha jikoni, na mara nyingine nilikuta fungu la mbirimbi, yale matunda machachu ya kutilia mchuzi, au majani ya mchunga yaliyochumwa upya juu ya jiwe la kusagia. Sikujiuliza vimetoka wapi. Niliona ni sehemu ya baraka za nyumba.

Kliniki ya pili mama alipanda juu ya mizani akiwa na buibui lake, akashuka, nesi akamwambia apande tena. Kisha akanitazama mimi, si mama.

"Kapungua," alisema. "Tena si kidogo. Anakula?"

"Anakula," nikasema. "Nampikia mwenyewe. Kila siku."

"Kila kitu?"

"Sahani inarudi tupu."

Mama alikuwa anafunga vifungo vya buibui, anatazama dirishani kama mtu asiyehusika.

Njiani mdogo wangu alipiga simu kuuliza. Nilimwambia. "Imebaki moja," akasema. "Nshamwandalia chumba cha watoto. Nyumba itafutiwe kufuli." Mama alikuwa ananitangulia hatua chache, anashika ukuta kwa kiganja kila baada ya nyumba mbili, na nilijua amesikia kwa jinsi alivyoacha kushika.

Aliingia nyumba ile akiwa na miaka kumi na saba, amefunikwa mpaka kwenye nyusi. Amezaa mle, ameiosha maiti ya baba yetu mle mle. Kumtoa ilikuwa kazi ya kubeba, kama alivyosema mwenyewe, na mdogo wangu ni mtu wa kutimiza.

Siku mbili tatu baadaye nilikuwa nakwenda kuswali, ukanda wa ndara yangu ukakatika mwanzo wa uchochoro. Nilijaribu kuukaza kwa uzi, ukakataa. Nikarudi peku, ndara mkononi, na nilipokata kona niliinua macho kwa bahati tu.

Kikapu kilikuwa kinashuka kutoka dirishani kwetu. Ni kile kikapu cha ukili ambacho mama zetu wa maghorofani walikishusha kwa kamba kila asubuhi kununulia maziwa na mboga bila kutoka nje. Nilidhani kilishaoza zamani. Kilikuwa kinashuka polepole, kinagusa ukuta na kuachana nao, na juu yake niliona mikono miwili myembamba ikilegeza kamba. Kilisimama sawasawa mbele ya baraza ya nyumba ya mbele. Yule mzee wa Tumbatu aliinuka, akatoa sahani nyeupe, akafunua kawa, akasema kwa sauti ya kwenda juu, "Ahsante Bi! Leo tasi!" Kutoka juu mama akaitika, "Naam, bismillahi."

Nilisimama nyuma ya pembe ya nyumba mpaka dirisha likafungwa. Kisha nikaenda kukaa baraza moja na yule mzee. Alikuwa ananawa. Alipoona miguu yangu alicheka.

"Umeibiwa viatu msikitini?"

"Kimekatika. Mzee, hii sahani inakuja kila siku?"

"Kila siku ya Mungu, tangu ulipofika wewe. Zamani ilikuwa mara moja moja, mkate na chai. Siku hizi nakula kama sultani." Akafungua koti lake kunionesha. Ni kweli, koti lililokuwa likimpwaya lilikuwa sasa limemkaa, na kifungo cha tumboni kimeachwa wazi kwa lazima. "Mke wangu nilipokwenda kumwona kaniuliza, nani huyo anakupikia? Nikamwambia, bibi kizee wa mjini kanipenda. Siku mbili hajaniongelesha." Akacheka peke yake, kisha akaona sicheki. "Kwani vipi?"

"Hicho ni chakula cha mama. Ana sukari. Ndicho chakula chake chote."

Mkono wake ulisimama juu ya muhogo. Akaurudisha mahali pake, taratibu, akafunika kawa. "Wallahi sikujua," akasema. "Nilidhani ni sahani ya jirani. Kwani si hivyo ilivyo? Na mimi sikuirudisha tupu hata siku moja, muulize. Naweka ndimu. Naweka mbirimbi za mti wa nyuma."

Nilimwambia ale. Alikataa, nikamwambia tena, akala matonge mawili kwa heshima yangu na mengine hayakupita. Nikapanda juu.

Mama alikuwa amekaa kwenye kitanda cha kamba, kikombe cha chai kando ya mto. Aliona miguu yangu, akaona uso wangu, akaelewa.

"Mama, kile chakula nakupikia wewe."

"Najua."

"Unampa mlinzi."

"Si mlinzi. Kakaa mlango wa jirani, basi ni jirani."

"Unaumwa! Nesi kasema—"

"Nesi kasema nile mboga. Hajasema nile kama mfungwa." Hakuwa amepandisha sauti. "Wewe umekuja na sahani yako imekatwa mipaka kama ramani. Hapa mchunga, hapa samaki, hapa muhogo. Nikasema haya, mwanangu kajifunza upishi wa hospitali. Nikaitazama: fungu la jirani liko wapi? Halimo. La mpishi mwenyewe liko wapi? Halimo, keshavaa kofia anashuka ngazi mbili mbili kama anayefukuzwa. Sahani moja, mtu mmoja. Katika nyumba hii sijapata kutia tonge mdomoni kabla sahani haijatoka mlangoni. Hata siku baba yako hana kazi, tulipika mchicha mtupu, na mchicha mtupu ulitoka. Sasa umenipikia kilicho cha mtu mmoja, nifanyeje? Nimetoa hicho hicho."

"Ungeniambia niongeze."

"Nikwambie uongeze, halafu?" Alinitazama. "Nikae nitafune natazamana na nani? Na ukuta?"

Nilikumbuka sinia letu la zamani, sisi saba tumelizunguka, na mama peke yake hali bado. Vidole vyake vilikuwa kazini. Alimchambua samaki miba, akasukuma kipande upande wa baba, kipande upande wa bibi, vipande vidogo pande zetu, na alipoona kila upande una kitoweo ndipo alipopeleka tonge lake la kwanza mdomoni. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo maelfu ya mara na sikuwahi kulifikiria. Nilifikiri ni namna tu ya mikono yake.

"Tangu lini huli, mama?"

"Tangu yule wa mbele alipochukuliwa," akasema. "Nikipika, chungu kinanitazama."

Kesho yake nilikitoa chungu kikubwa. Nilinunua tasi sita, kiazi kikuu kimoja kizito, kunde mbichi tulizozimenya pamoja asubuhi, yeye kitandani na mimi sakafuni, maganda yakirundikana kati yetu. Nilichukua fungu la mtoriro na fungu la mchunga. Alipoona natupa tui la kwanza alinishika mkono: "Hilo la jirani. Yeye hana sukari." Basi mchuzi wa jirani nikautia tui zito kwenye sufuria ndogo, na chumvi aliyoitaka mama kwa ajili yake.

Kikapu kilishuka kwanza. Mzee alisita, akatazama juu, akaniona mimi dirishani karibu na mama. "Ni chako," nikamwambia. "Chetu tunacho." Akainua mkono kifuani.

Nilirudi kutoka msikitini bila kupita Forodhani. Nilitandika mkeka, nikatoa sinia chini ya kabati, nikaliosha vumbi. Hapo nilifanya hila. Sinia halina mipaka, lakini mpishi anaweza kujua nani atakaa wapi. Upande wa mama nilirundika mboga na kunde, kiazi kikuu nikakiweka zaidi upande wangu, samaki nikawaweka katikati. Aliona. Alisema, "Umekaa na wahuni sana wewe," lakini hakuligeuza sinia.

Akaanza kuchambua samaki. Kipande cha mgongo, kile kinono, akakisukuma kwangu.

"Kula, umekonda."

"Mimi? Tumbo hili?"

"Hilo upepo. Kula."

Nikakikata nusu, nikamrudishia nusu. Akanitazama kama niliyevunja sheria. Akasukuma kingine. Nikarudisha nusu. Tukaendelea hivyo mpaka nusu zile zikawa nyingi upande wake kuliko alivyokusudia, na kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine wa kumsukumia, akazila. Alikula mchunga wote. Alilamba kidole cha shahada, akaangalia dirishani, akasema kunde hizi za mwaka huu zina utamu.

Nilikaa pale mkekani na magoti yanauma, sijakaa chini kula miaka mingi hivyo. Sinia lilikuwa kubwa mno kwa watu wawili. Pande mbili zilibaki kavu, zinang'aa.

Kliniki ya tatu alipanda mizani akiwa na buibui lile lile. Nesi hakumrudisha mara ya pili. Uzito ulikuwa umepanda, si sana, na sukari imetulia, na akasema tuendelee hivyo hivyo. Mdogo wangu alikuja Ijumaa yake na watoto wote wanne, wakazijaza zile pande za sinia, wakamwaga mchuzi, wakagombea kichwa cha samaki. Alipokuwa anaondoka alinambia mlangoni, "Chumba cha watoto nshawarudishia wenyewe." Ndivyo alivyosema kwamba nyumba haitafungwa. Kisha akaongeza, "Lakini ukiondoka wewe, tunarudi pale pale. Unajua."

Nilijua. Mkoba ulikuwa bado chini ya kitanda. Na rafiki yangu mmoja niliyefanya naye kazi Tanga alikuwa amenipigia kutoka Mtwara: kuna kazi kwenye ghala la korosho, msimu unaanza, anahitaji mtu anayemwamini. Sikumwambia mama. Nilianza kusikia tena ile hali ninayoijua, miguu inawaka usiku wote, nikipita bandarini natazama ubao wa saa za boti bila sababu. Sijui inatoka wapi. Nimekwenda nayo kila mji, na kila mji nimeukumbuka vizuri zaidi nilipokwisha kuuacha.

Machungwa yalipokuwa yanakaribia kuisha, kukawa na harusi Chwaka, kwa jamaa za shemeji yangu. Mdogo wangu alikuja kumchukua mama kwa siku nne. Mama alifurahi kama msichana. Aliazima hina, akanipa maagizo ya kumwagia maji mrehani wa dirishani. Alipofika kwenye ngazi aligeuka. Mara ya kwanza nilipoondoka, nikiwa kijana, niliondoka yeye akiwa sokoni, nikaacha kikaratasi chini ya kikombe. Hatukupata kulizungumza hilo.

"Ukitaka kuondoka," alisema, "ondoka nipo. Usiondoke sipo."

Akashuka, kidato kwa kidato, mkono ukutani.

Siku ya kwanza nilikula chipsi barabarani. Siku ya pili niliuvuta mkoba, nikaufungua, nikaufunga. Niliandika ujumbe wa kwenda Mtwara nikauacha bila kuutuma. Mchana nikaona bora nipike, nikaenda Darajani kwa mazoea, nikarudi na tasi na mtoriro na boga. Nilipika chungu kikubwa kwa sababu sijui kupika kidogo tena. Nilishusha sahani kwa kamba. Mzee akauliza, "Bi yupo?" Nikamwambia yuko Chwaka. Akasema, "Basi leo kumetulia," akaingia na sahani yake ndani ya kivuli cha mlango, kwa kuwa jua lilikuwa kali.

Nilitandika mkeka. Nilipakua kwenye sinia, mboga upande mmoja, boga upande mwingine. Nikakaa. Nikamchambua samaki miba. Nilikuwa nafikiria boti ya asubuhi, nguo zipi ziko kwenye kamba, na nilipotazama chini niliona nimekwisha kusukuma kipande cha mgongo mpaka upande wa pili, kimekaa juu ya mtoriro peke yake. Nacho hakikuwa kimoja. Vilikuwa vitatu.

Simu ikalia.

"Ushakula?" Nyuma yake nilisikia vigelegele na mtoto analia.

"Nshakula, mama."

"Umepika nini?"

"Tasi. Mtoriro. Boga kidogo."

"Umekula na nani?"

Nilivitazama vile vipande vitatu. Nikatazama dirisha, na kamba ya kikapu iliyoning'inia kwenye msumari.

"Mwongo we, hujala," akasema mama. Hakuwa amekasirika. Nikamsikia anamwambia mtu aliye karibu naye asogee, asimkanyage. Kisha akarudi kwangu.

"Unarudi lini?" nikamuuliza.

"Kesho kutwa, inshaallah, mchana. Usipike kidogo."